Lazareti, Karantini na Nyumba ya Wakoma: Neno Likipotea, Hukumu Hupotea

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wanavyuoni wetu wametufundisha kanuni moja ambayo mwanafunzi huipata mapema: kukihukumu kitu ni tawi la kukisawiri. Yaani mtu hawezi kusema kitu hiki ni halali au haramu, wajibu au makuruhu, kabla hajakijua ni kitu gani. Na mlango wa kwanza wa kukijua kitu ni jina lake. Jina likichanganywa, hukumu nayo huchanganyika, na anayeumia ni yule ambaye hukumu inamshukia.

Mfano ulio karibu nasi ni jina la mahali anapowekwa mtu wakati wa maradhi ya kuambukiza. Hapa Kibiti na katika vijiji vya delta ya Rufiji jambo hili si la vitabuni tu. Tunaishi penye mto unaofurika, visima vifupi na maji ya chumvi yanayopanda na kushuka. Kipindupindu tunakijua. Tena, mwaka 2020 maradhi ya Korona yalipoingia nchini, neno karantini lilirudi katika vinywa vya watu wote, mijini na vijijini. Na kila linaporudi, misikitini na barazani husikika kauli tatu.

Ya kwanza inasema karantini ni Sunna, Mtume (s.a.w.) ndiye aliyeianzisha, basi lolote linalofanywa kwa jina hilo ni dini. Ya pili inasema karantini ni jambo la Wazungu, na kuingia humo ni kukimbia Qadar ya Mwenyezi Mungu. Ya tatu haisemwi mimbarini, lakini ndiyo inayotendwa zaidi: aliyepelekwa huko ni kama mkoma, ametoka kwa watu, na haki zake zimetoka naye.

Makala hii inakusudia kuonesha kwamba kauli zote tatu zinatokana na kosa moja. Ndani ya jina moja yameingizwa mambo matatu yaliyo mbalimbali, na kila moja lina historia yake na hukumu yake.

ASILI YA NENO

Katika lugha za Ulaya lipo neno la zamani la mahali hapo: lazareti. Waitalia husema lazzaretto, Wafaransa lazaret, Wajerumani Lazarett. Msomaji wa historia ya Hija, ya bandari za Bahari ya Sham au ya ukoloni katika Afrika atakutana nalo mara nyingi.

Mwaka 1423 dola ya Venice ilitenga kisiwa kimoja karibu na mji wake kiwe mahali pa kuwaweka wagonjwa wa tauni. Katika kisiwa hicho palikuwa na kanisa la Bibi Maryamu wa Nazareth, na watu wakapaita Nazareto. Kwa upande mwingine, Wakristo wa zama hizo walikuwa na jina Lazaro, maskini mwenye vidonda anayetajwa katika Injili yao, waliyemfanya kuwa msimamizi wa wakoma. Nyumba za wakoma zilikuwa zikiitwa kwa jina lake. Majina hayo mawili yakagongana, Nazareto ikawa Lazareto, na neno likatoka Venice likaenda bandari zote za Bahari ya Kati.

Hapo ndipo mchanganyiko ulipoanzia. Nyumba ya wakoma ilikuwa mahali pa mtu kuhamishiwa maisha yake yote. Kisiwa cha tauni kilikuwa mahali pa ugonjwa wa siku chache, ambao mwisho wake ni kifo au kupona. Kisha likaongezeka jambo la tatu, kuwazuia watu wazima, wasio na ugonjwa wowote unaoonekana, kwa sababu tu wametoka katika nchi yenye maradhi. Mji wa Dubrovnik ulianza mwaka 1377 kwa siku 30. Baadaye muda ukawa siku 40, na kwa Kiitalia arobaini ni quaranta. Humo ndimo lilimotoka neno karantini.

Ni vyema ikaeleweka kuwa idadi hiyo ya arobaini haina uhusiano na sheria yetu. Wako wanaoifungamanisha na arobaini ya mzazi au arobaini ya maiti. Arobaini ya nifasi ni jambo la kitabu cha tohara, na katika madhehebu ya Imam Shafi siku 40 ni kawaida ya wengi tu, mwisho wa nifasi ni siku 60. Arobaini ya maiti ni desturi ya watu. Na arobaini ya Venice ni amri ya wafanyabiashara waliokuwa wakiogopa merikebu. Leo hata matabibu hawaifuati: muda wa kumwangalia mtu hufuata muda ambao ugonjwa unaweza kujificha mwilini, kwa kipindupindu ni siku chache zisizozidi tano, kwa Marburg ni siku 21.

NENO LILIPOINGIA KATIKA NCHI ZA KIISLAMU

Mwaka 1826 Muhammad Ali Pasha wa Misri alipeleka wanafunzi Ufaransa, na imamu wao alikuwa Sheikh Rifaa at-Tahtawi. Walipofika Marseille hawakuruhusiwa kuingia mjini mpaka wapite karantini. Katika kitabu chake Takhlis al-Ibriz, kilichochapwa Misri mwaka 1834, Sheikh alieleza aliyoyaona, kisha akataja mjadala uliokuwa umetokea baina ya wanavyuoni wawili wa Tunis. Mmoja, wa madhehebu ya Maliki, alisema karantini ni haramu kwa kuwa ni kukimbia Qadar. Mwingine, mufti wa Kihanafi wa ukoo wa Bayram, alisema inajuzu, bali huweza kuwa wajibu, na akaleta dalili za Qur'ani na Sunna. Mwaka 1836 Hamdan Khodja wa Algeria akaandika kitabu kizima kutetea kujikinga na maradhi ya waba. Miaka miwili baadaye, 1838, dola ya Uthmaniya ikaweka idara yake ya karantini.

Basi anayedhani kwamba mas-ala haya yameanza na Korona ajue kwamba wanavyuoni waliyajadili karibu miaka 200 iliyopita. Na la kuzingatia ni hili: walijadili kitu wanachokijua. Sheikh Rifaa alikaa ndani yake. Hawakubishana juu ya jina tupu.

Neno lenyewe likabaki katika ardhi ya Waarabu. Mjini Alexandria uko mtaa uitwao al-Azarita, na asili ya jina hilo ni lazareti iliyokuwa hapo zama za Muhammad Ali. Mjini Beirut uko mtaa uitwao Karantina. Watu huzaliwa, huoa na huzikwa katika mitaa hiyo bila kukumbuka merikebu wala tauni.

Kisha lipo jina la tatu, lililofika mpaka katika hospitali zetu. Baada ya kipindupindu kuwapata mahujaji mwaka 1865, mataifa yalikutana Istanbul mwaka 1866, na njia ya Hija ikawekewa vituo. Mahujaji walioingia Bahari ya Sham kutoka kusini waliwekwa katika kisiwa cha Kamaran, pwani ya Yemen, kuanzia mwaka 1882. Waliorudi kwao kwa kupitia Misri walisimamishwa at-Tur, katika Sinai. Mwaka 1905, katika kituo hicho cha at-Tur, tabibu Felix Gotschlich alipata vimelea vya kipindupindu katika maiti za mahujaji, na vimelea hivyo vikapewa jina la mahali: El Tor. Aina hiyo ndiyo iliyoanzisha mlipuko wa saba wa dunia mwaka 1961 kutoka Indonesia, ikaingia Afrika mwaka 1970, na Tanzania katika muongo huohuo. Mwaka 1997 peke yake, nchini Tanzania waliugua watu zaidi ya 40,000 na wakafa zaidi ya 2,200. Jina la karantini ya mahujaji likawa jina la ugonjwa.

NENO LILIPOFIKA KWETU

Pwani yetu ilikijua kipindupindu kabla ya kuijua karantini. Mwaka 1858 na 1859 kilishuka pwani kutoka kaskazini, kikaua watu wengi Unguja na Kilwa. Kikarudi tena mwaka 1869 na 1870. Baada ya hapo ndipo vituo vilipojengwa. Kilicho maarufu zaidi ni kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja. Hapo lilijengwa gereza mwaka 1893, kisha jengo na kisiwa vikatumika kuwa karantini ya abiria wa merikebu. Wageni wa leo hukiita kisiwa cha gereza, na karantini imesahaulika. Hilo peke yake linatosha kuonesha jinsi mahali pa kinga na mahali pa adhabu vinavyokaribiana katika macho ya watu.

Wajerumani walikuja na neno lao, Lazarett, lakini kwao maana ilikuwa imekwisha kuhama. Kwa Mjerumani wa wakati huo, Lazarett ni hospitali ya askari. Hakuna tauni humo wala ukoma, bali majeruhi na wagonjwa wa jeshi. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba, ilijificha katika delta yetu ya Rufiji, ikakaa humo mpaka ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mabaharia wake waliugua sana kwa malaria na maradhi mengine ya mikoko. Msomaji wa kumbukumbu za vita hivyo atakutana na neno Lazarett, na atakutana na meli Tabora iliyokaa bandari ya Dar es Salaam kuwa meli ya hospitali. Akilifasiri neno hilo kuwa karantini, atawaambia watu kwamba delta iliingiwa na tauni mwaka 1915, kumbe kilichokusudiwa ni askari walioumia na kuugua. Kosa la neno moja linazua historia isiyokuwepo.

Upande wa magharibi, katika Kongo ya Wabelgiji, neno hilohilo lilikuja na maana kali zaidi. Tangu mwanzo wa karne ya 20, wagonjwa wa malale walitafutwa na kupelekwa katika lazareti, wengine kwa nguvu. Dawa ilikuwa hafifu na wengi hawakurudi. Huko neno lilibeba hofu ya kifo.

Basi neno moja, kwa wakati mmoja, katika nchi jirani, lilikuwa na maana ya kituo cha merikebu, hospitali ya askari na kambi ya malale. Kiswahili kililiacha, kikachukua karantini. Lakini tulipolichukua hili la pili tulichukua pamoja nalo mchanganyiko ule. Leo tunasema karantini kwa ng'ombe waliozuiwa mnadani, kwa msafiri mzima aliyezuiwa hotelini, na kwa mgonjwa wa kipindupindu anayetundikiwa dripu. Si ajabu basi kwamba makhatibu wanachanganya hukumu.

TAUNI SI UKOMA

Turudi katika dalili. Katika mlango huu zipo hadithi za aina mbili, na kila aina ina mahali pake.

Aina ya kwanza ni ya tauni. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuingia katika nchi iliyosikiwa kuwa na tauni, na akakataza kutoka kwa kuikimbia kwa aliyekuwamo. Hadithi hii ndiyo aliyoileta Abdurrahman bin Auf (r.a.) wakati Sayyidna Umar (r.a.) alipofika Sargh akielekea Sham, na tauni ya Amwas imekwisha kuingia. Sayyidna Umar alikuwa amekwisha kushauriana na watu na kuazimia kurudi. Abu Ubayda (r.a.) alipomuuliza kama anakimbia Qadar ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kwamba anatoka katika Qadar ya Mwenyezi Mungu na kwenda katika Qadar yake nyingine. Jibu hilo linatosha kuibatilisha kauli ya pili kati ya kauli tatu tulizozitaja.

Lakini hadithi hiyohiyo haithibitishi kauli ya kwanza kama inavyosemwa. Mtume (s.a.w.) aliweka asili: usiingie, na usitoke kwa kukimbia. Hakujenga nyumba ya kuwafungia watu, hakuweka siku arobaini, wala hakumtenga mzima na jamaa zake. Na baada ya kufa Abu Ubayda na Muadh (r.a.) katika tauni hiyo, Amr bin al-As (r.a.) aliwatoa watu wakatawanyika milimani, na tauni ikaondoka. Huo ni utaratibu mwingine kabisa, kutawanyika badala ya kukusanywa. Usahihi wa maneno ni kusema kwamba karantini ina asili katika Sunna, na namna yake ni ijtihadi ya wenye madaraka na matabibu. Ijtihadi hupimwa kwa maslahi na madhara. Ikiwa mahali pa kutengwa hapana maji wala choo, au mzima anachanganywa na mgonjwa, basi jina la Sunna halipatakasi.

Aina ya pili ni hadithi za ukoma. Ipo amri ya kumkimbia mwenye ukoma kama mtu anavyomkimbia simba, na hadithi hiyohiyo inakanusha kuambukiza. Wanavyuoni wameafikisha baina ya maneno hayo kwamba kinachokanushwa ni itikadi ya Jahiliya kuwa ugonjwa huenda kwa nguvu yake wenyewe, si kwamba Mwenyezi Mungu hajaujaalia kuwa na sababu. Ipo hadithi ya Muslim kuhusu mtu mwenye ukoma katika ujumbe wa Thaqif: Mtume (s.a.w.) alimpelekea habari kwamba baia yake imekubaliwa, basi arudi. Hakumgusa, lakini hakumnyima baia. Na Muayqib (r.a.), sahaba aliyekuwa na ukoma, Sayyidna Umar alimweka juu ya Baitul Mali, akakaa naye na kula naye. Mkoma alikuwa mtunza hazina ya Waislamu.

Sasa tazama, ndugu msomaji, kinachotokea majina yanapochanganywa. Hadithi ya simba husomwa juu ya mgonjwa wa kipindupindu, naye hukimbiwa na jamaa zake ilhali anachohitaji ni maji ya chumvi na sukari, mikono iliyooshwa na mtu wa kumhudumia. Na hadithi ya tauni, inayomfunga mtu ndani ya mipaka, husomwa juu ya mkoma, akafungwa maisha kwa ugonjwa ambao leo una dawa. Tangu miaka ya 1980 ukoma hutibiwa kwa mchanganyiko wa dawa kwa miezi 6 au 12, na mgonjwa aliyeanza dawa huacha kuambukiza muda si mrefu. Illa ikiondoka, hukumu iliyojengwa juu yake huondoka.

HAJR MBILI

Wanafunzi wa fiqhi wana hatari yao ya peke yao. Kwa Kiarabu cha leo karantini huitwa hajr ya kiafya, na mahali pake mahjar. Mwanafunzi anayesoma Minhaj anaijua hajr nyingine: mlango wa kuzuiwa kutumia mali, kwa mtoto, mwendawazimu, safihi na aliyefilisika. Herufi ni hizohizo. Lakini aliyezuiwa kutoka nje hakuzuiwa kuuza, kununua, kuoa, kutaliki wala kuweka wakala. Anayesema kwamba mtu aliye karantini hana uamuzi juu ya mali yake amechukua hukumu ya kitabu kimoja akaibandika katika kingine.

Ni kweli kwamba Imam an-Nawawi ametaja katika hajr mgonjwa anayezuiwa kwa ajili ya haki ya warithi, naye ni mwenye maradhi ya kuhofiwa kifo: zawadi zake na wasia wake havipiti thuluthi. Lakini sababu ya hukumu hiyo ni ugonjwa na khofu ya kifo. Hata wanavyuoni walioingiza wakati wa tauni kuenea katika hukumu hiyo walitazama hatari ya kufa. Hawakutazama uzio wala mlango uliofungwa.

Na mke wa aliyetengwa ni mke wake, na nafaka yake inabaki. Katika madhehebu yetu ukoma ni miongoni mwa aibu zinazompa mwenza khiyari ya kufasikha ndoa, kwa masharti yaliyotajwa. Hiyo ni khiyari, ndoa haivunjiki yenyewe. Wala haiwi kwa kipindupindu, wala kwa Korona, wala kwa sababu mtu amekaa siku 14 mahali fulani.

MAITI WA KAMBINI

Mahali palipo na uzito zaidi ni katika jeneza. Aliyekufa kwa tauni na aliyekufa kwa maradhi ya tumbo wametajwa katika hadithi kuwa ni mashahidi, na kipindupindu kinaingia katika maradhi ya tumbo. Kutokana na hilo wako wanaosema: ni shahidi, basi haoshwi wala haswaliwi. Hili ni kosa. Shahidi asiyeoshwa wala kuswaliwa ni shahidi wa vitani. Mashahidi wengine ni wa Akhera, na duniani wanaoshwa, wanakafiniwa, wanaswaliwa na kuzikwa kama maiti wengine wa Waislamu.

Ikiwa kuosha kuna madhara yaliyothibitishwa na matabibu, sheria ina ngazi. Humiminiwa maji bila kusuguliwa, pakiwezekana. Pasipowezekana, hutayamamishwa, na mtendaji huvaa kinga mkononi. Wakizuia wahusika hata hilo, jambo linalobaki ni kumswalia hata juu ya kaburi baada ya kuzikwa, na kwa aliye mbali, swala ya ghaibu. Imamu anayezijua ngazi hizi anaweza kukaa na wauguzi wa kambi ya kipindupindu mapema, kabla ya kifo cha kwanza, wakakubaliana nani ataosha, kwa maji gani yenye dawa na kwa vazi gani. Imamu asiyezijua huweza kuacha maiti azikwe bila chochote kwa kisingizio cha ushahidi, au kuwaamrisha watu waoshe kama kawaida, kisha waoshaji wakaugua. Haya mawili yana chanzo kimoja: hakujua aliye mbele yake ni nani katika mgawanyo wa fiqhi.

HAKI YA ALIYETENGWA

Imam an-Nawawi, katika Sharh ya Sahih Muslim, amenukuu kwa al-Qadhi Iyadh mas-ala ya wakoma wanapokuwa wengi. Baadhi walisema waamrishwe kukaa mahali pao peke yao, na wengine walisema si lazima. Lakini waliosema watengwe waliweka mipaka: wasizuiwe kutafuta mahitaji yao. Wakiwa wanachangia maji na watu wa kijiji, na watu wakaona madhara, wasizuiwe maji mpaka wapatiwe maji mengine, au wachimbiwe kisima, au awekwe mtu wa kuwatekea. Na Ijumaa wasizuiwe kuswali pamoja na watu.

Fiqhi hii inaanza na kisima. Anayetaka kumtenga mtu anabeba gharama ya maji yake. Vivyo hivyo Khalifa al-Walid bin Abdulmalik, aliyetawala Damascus kuanzia mwaka 86 mpaka 96 Hijria. Wanahistoria wameeleza kwamba aliwatenga wenye ukoma na palepale akawapangia riziki, akawakataza kuombaomba watu, na akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu mwongozi. Kutenga na kulisha vilikwenda pamoja. Mwezi Machi 2020 wasafiri waliotoka nchi zenye maambukizi waliwekwa karantini ya siku 14 hapa nchini kwa gharama zao wenyewe. Wenye uwezo walimudu. Lakini swali la kifiqhi linabaki kwa siku zijazo: anayezuiwa kwa maslahi ya umma, na hana kitu, nafaka yake iko juu ya nani? Kwa mfano wa al-Walid na maneno ya al-Qadhi Iyadh, iko juu ya umma uliomzuia: Baitul Mali inapokuwepo, na isipokuwepo, juu ya Waislamu wenye uwezo.

Hapa Rufiji tunao ushahidi ulio hai. Kijiji cha Kindwitwi, jirani na Utete, kilianza kuwa makazi ya wakoma, na wakati mmoja kilikuwa kimetupwa kabisa. Katika miaka ya 1960 alikwenda huko kasisi wa Kianglikana, Robin Lamburn, akakaa nao mpaka uzeeni kwake, wakapata matibabu, mashamba na shule. Tunalitaja hili kwa uadilifu, kwani haki ya mtu husemwa hata akiwa si wa dini yetu. Na tunalitaja kwa sababu ya pili. Wilaya hii ni ya Waislamu tangu mababu, na vitabu vyenye mas-ala ya kisima yamesomwa katika madrasa zake. Tuliyasoma mas-ala, kisima kikachimbwa na wengine.

MANENO YA KUTUMIA

Kwa hiyo tunapendekeza kwa maimamu na walimu wa madrasa watenganishe majina kama ifuatavyo, ili hukumu nazo zitengane.

Karantini iachiwe mtu mzima anayeshukiwa, aliyezuiwa kwa siku maalumu. Huyu ana hukumu zote za mtu mzima. Ijumaa inamwondokea kwa udhuru na anaswali Adhuhuri. Mali yake ni yake na ndoa yake ni ndoa.

Kambi au wodi ya kutengwa iwe ya mgonjwa mwenyewe. Watu wetu wamekwisha kulipata neno zuri, kambi ya kipindupindu, na hakuna haja ya kulibadilisha. Huyu ana hukumu za mgonjwa: ruhusa ya tayamamu, kuswali kwa namna anavyoweza, haki ya kuulizwa hali na kuombewa dua hata kwa simu, na wasia wake uangaliwe.

Makazi ya wakoma liwe jina la historia kwa sehemu kubwa. Aliyepona ukoma si mkoma, hata kama vidole vimekatika. Asafu naye na amwalike, na msikiti usimtengee pembe.

Na lazareti tuiache katika vitabu vya tarehe. Lakini kila tunapoifasiri tuulize kwanza: ni ya nani, ya mwaka gani, na kwa lugha gani? Ya Venice ni tauni, ya Mjerumani ni askari, ya Kongo ni malale, ya mahujaji ni kipindupindu.

Mvua za masika zinakuja kila mwaka. Mwezi Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilifunikwa na maji, na maji yakishuka huacha visima vichafu. Siku kambi itakapofunguliwa katika kijiji fulani cha delta, watu watamwuliza imamu kabla ya kumwuliza mganga. Jibu lake litaamua kama mama atapelekwa kambini mapema au atafichwa ndani mpaka afe, na kama akifa ataoshwa au ataachwa. Ni wajibu wetu jibu hilo litoke kwa mtu anayejua anachokitaja.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Wabillahi tawfiq.